Mtu wa Juu

Tewa, samaki wa mwambani, ana ila moja, nayo ni udaku. Ukimkimbilia utaona mkia tu ukipotelea ndani ya jabali. Lakini ukishuka taratibu, ukalala kifudifudi kwenye mchanga mbele ya tundu lake, ukageuza uso upande kama mtu asiyekuwa na haja naye, hawezi kustahimili. Kwanza litatoka lile lichwa lake pana, na mdomo umenuna. Kisha atatoka mzima mzima na madoadoa yake, aje kukuchungulia wewe ni nani na umekuja kwa nani. Hapo ndipo unapomchoma, nyuma kidogo ya kichwa, na mkono ukiwa sawa hajui hata kilichompata.

Shida ni kwamba udaku wa tewa wataka muda, na muda huo hutoka kifuani mwako. Sisi tunaozamia kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa mgongoni, hatuna pa kukopa. Umeshuka na ulichonacho, na kila anavyojivuta mlangoni akikusaili kwa macho, wewe huku chini waungua mapafu na wajifanya huna habari.

Mimi si mvuvi. Kazi yangu ni kutengeneza mafriji, na kibanda changu kiko mtaa wa Barani, hapa Malindi, kati ya fundi cherehani na muuza mkaa. Kutwa nzima niko na mashine zilizokufa na wenyewe wanaotaka zifufuke leo leo. Ndiyo maana siku ya Jumamosi, maji yakiwa mafu, yaani bahari haijai sana wala haitoki sana na chini kumetulia mpaka waona kivuli chako, hakuna mtu angeweza kunizuia. Nilizaliwa Mambrui, na kuzamia nilijifunza na binamu yangu kabla hatujaota ndevu. Bunduki ya mshale hatukuitumia. Imekatazwa, na hata ingeruhusiwa nisingeitaka. Mkuki wangu ulikuwa fimbo ya chuma yenye mpira nyuma. Unauvuta kwa kiganja, unauachia, unaruka urefu wa mkono tu. Kwa hivyo lazima tewa aje karibu, akuhesabu kope.

Sheria yetu mimi na binamu ilikuwa moja: mmoja chini, mmoja juu. Wa juu huelea kifudifudi, mrija mdomoni, mkono mmoja umeshika jerikeni tupu tuliyoifanya boya, na kazi yake ni kumwangalia wa chini basi. Hawindi, hatazami samaki wengine wazuri wapitao. Na ili ajue muda, husoma kimoyomoyo sura mbili fupi tulizohifadhi chuoni, zile zinazofuatana. Ya kwanza ikiisha, wa chini awe ameanza kugeuka. Ya pili ikifika mwisho naye hajatokeza, wa juu anashuka kumtoa. Tulifundishwa sura zile na ustadhi mmoja, kwa mwendo mmoja na kwa bakora moja, na hata ukituamsha usingizini tungemaliza pamoja. Watu huniuliza kwa nini tusitumie saa. Saa nilinunua, ya kuingia majini. Iliingia majini mara moja, ikatosheka.

Kisha binamu akapata kazi ya udereva Maskati, akaenda zake. Nilimsindikiza kwa furaha, na nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ananingoja mlangoni.

"Sasa sikiza," akaniambia. "Bila mtu wa juu, huendi."

Mke wangu si mtu wa makelele, na kwa hilo hakuhitaji kupiga kelele. Ami yake alikuwa mzamiaji wa kamba mawe, hodari kuliko mimi na binamu tukichanganywa. Siku moja alikwenda peke yake kwa sababu mwenzake alikuwa na harusi. Walimngoja mpaka chakula kikapoa, na mpaka leo nyumba ile hawajui wamwombee akiwa amelala wapi. Nikajua wazi kwamba nisipopata mtu wa kunikalia juu, bahari yangu imekwisha, na mimi nitazeekea ndani ya kibanda nikinusa gesi ya mafriji.

Niliuliza kwa jamaa. Mmoja alikuwa na kikohozi, mwingine akasema mkewe naye amemkataza, na wa tatu, kijana wa masomo mengi, akataka kujua kama huko kwenye mwamba kuna mtandao. Nilikaa miezi nikiwa na hasira na kila mtu, hata na mafriji.

Mtu niliyempata aliniletea friji. Alikuwa msafishaji wa bwawa la kuogelea katika hoteli moja, Mgiriama, mpana wa mabega, mdogo kwangu kidogo. Kwao ni bara, mbele ya Mariakani, ambako maji ni ya kuchota na si ya kuingia. Kuogelea alijifunza mtu mzima, kazini, tena alianzia chini kabla ya juu: wageni hudondosha pete na vipuli ndani ya bwawa, naye ndiye hushuka kuvitafuta. Akaniambia, bila kujisifu, kwamba sakafu ya upande wa kina huisugua yote kwa pumzi moja. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, nikamwekea kiti.

Siku ya kwanza nilipomtoa nje ya mwamba alinyanyua kichwa, akatoa mrija mdomoni, akasema, "Mbona hili halina ukuta?"

"Ukuta wake uko Bara Hindi," nikamwambia. "Usiutafute."

Alizoea upesi kuliko nilivyotaka kukubali. Kilichonikera kilikuwa hesabu yake. Yeye ni mtu wa kwaya, sauti ya chini kabisa, na akaniambia muda ataupima kwa wimbo wa kanisani, beti mbili na kiitikio. Nikasema tujaribu nchi kavu kwanza. Tukaketi kibandani, mimi nikasoma sura zangu kimoyomoyo, yeye akaimba wimbo wake moyoni huku kidole gumba kikipiga goti. Nilimaliza, nikamngoja, nikaendelea kumngoja. Tukarudia. Safari hii alimaliza yeye kwanza.

"Wimbo gani huu?" nikamwuliza. "Leo mrefu, leo mfupi."

"Kiitikio chake ni kitamu," akasema. "Mtu hukaa kidogo."

"Na mimi nikiwa chini, wewe umekaa kidogo kwenye utamu?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Mchana ule alikuja kula kwetu, na mke wangu alipomletea maji ya kunawa alimwuliza swali moja tu. "Shemeji, utamwangalia?" Naye akajibu, "Nitamwangalia." Basi, mambo yakaisha hapo. Alipoondoka nikamweleza mke wangu habari ya wimbo unaovutika. Akasema, "Mie nimemwuliza kama atakuangalia. Sikumwuliza ataimba nini."

Tukaanza kwenda. Sikumwamini, nasema kweli. Kila nilipolala mchangani mbele ya tundu nilikuwa nikigeuza shingo kutazama juu, kuhakikisha. Na kila nilipotazama, yuko: kivuli cheusi kimetandaa kwenye mwanga, jerikeni pembeni yake, uso umeelekea kwangu. Jumamosi hadi Jumamosi, yuko. Nikawa nageuza shingo si kwa wasiwasi tena, bali kwa raha, jinsi mtu anavyopapasa mfuko kuona ufunguo upo. Na nikaanza kupata tewa wakubwa, wale wazee wasiotoka upesi, wanaotaka kungojwa. Nilijisifu sana nyumbani. Nilidhani nimeongezeka mapafu.

Siku yenyewe mto Sabaki ulikuwa umeshusha tope lake, na bahari ya kuanzia Mambrui mpaka mbele ya Malindi ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tukapanda pikipiki, mikuki imefungwa kwa kamba ubavuni, tukashuka upande wa Kilifi ambako maji yalikuwa safi. Tulizamia kwa zamu mpaka jua likawa kali. Yeye alipata samaki mmoja, changu wa kiasi. Mimi nilikuwa nimemwona tewa chini ya jabali moja lililoinama, na moyo wangu wote ulikuwa kwake. Nikamwonyesha mwenzangu kwa kidole, nikavuta pumzi, nikashuka.

Alichukua muda wake yule bwana. Alitoa pua, akarudi ndani. Akatoa tena. Nilipomchoma alikuwa amekaa upande, na mkuki ukaingia nyuma zaidi ya nilivyotaka. Akarudi tunduni na chuma changu.

Hapa lazima nieleze jinsi tewa anavyofanya. Akiingia tunduni na maumivu, hujitanua. Hupanua mashavu na mapezi yote mpaka jabali lenyewe linamshika, na wewe ukivuta unamvutia nguvu zake tu. Kila mzamiaji anajua la kufanya. Uache mkuki, upande, upumue, urudi. Mkuki hauna miguu, na tewa naye hana pengine pa kwenda. Mwenzangu nilimfundisha hilo mimi mwenyewe, tena kwa ukali.

Lakini nilivuta kidogo, na akalegea kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kuvuta kitu kilichokwama anakijua kile kidogo. Nikavuta tena, nikapata upana wa kidole. Kifua kilianza kuruka. Niligeuza shingo nikatazama juu, na yuko, kivuli chake kiko pale pale. Nikaweka mguu kwenye jabali, nikavuta.

Baada ya hapo nakumbuka raha tu. Naona haya kuisema, maana mke wangu alilia nilipomwambia, lakini ni kweli: kifua kiliacha kuniuma, nikaona hakuna haraka ya jambo lolote.

Nilirudiwa na akili juu ya maji, kichwa changu kimelala begani mwake, naye ananipiga makofi ya shavu na kuniita. "Pumua! Pumua, kaka, pumua!" Nilipumua. Nikatapika maji ya chumvi shingoni mwake. Alinining'iniza kwenye jerikeni, akanikokota mpaka ndani ya mwamba ambako mtu husimama, kisha mpaka mchangani. Na neno langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa, "Mkuki wangu uko wapi?"

Aliketi kando yangu, mabega yale mapana yameinama kwenye jua kali. Damu ilikuwa ikimtoka puani kwa jinsi alivyoshuka kwa pupa. Nami, badala ya kumshukuru, likanijia lile swali lililokuwa likinikera tangu siku ile ya kibandani.

"Ulifika ubeti wa ngapi?"

"Ubeti gani?"

"Wimbo wako. Uliposhuka ulikuwa umefika wapi?"

"Sijaimba," akasema. "Tangu siku ya kwanza sijaimba hata mara moja. Nitaimbaje na wewe uko chini? Mimi hukutazama tu."

"Sasa ulijuaje?"

"Mguu wako uliteleza kwenye jiwe, na hukuurudisha."

Nilidhani sasa tumeelewana, na kwamba mtu huyu nitakufa nimemshika mkono, maana ni nani mwingine angekuwa mtu wa juu kama yeye? Nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwambia hivyo aliposimama akaanza kufunga vitu vyake.

"Bai, basi, kaka," akasema. "Mimi na wewe kuzamia tumemaliza."

"Unanitania."

"Sikutanii."

"Wewe umeniokoa! Mbona aliyeokoa ndiye anayeondoka?"

Akaacha kufunga kamba. "Ulinitazama," akasema. "Kabla hujazimia. Uligeuka, ukanitazama, ukaniona. Nikasema, Mulungu wangu, ahsante, sasa anapanda. Kumbe ukishaniona ndiyo unarudi kuvuta."

Nilikuwa nikichota mchanga na kuumwaga.

"Kama ningekuwa siko pale juu, ungefanyaje?" akaniuliza. "Sema kweli."

Ningepanda. Nilijua hivyo pale pale, bila hata kufikiri. Peke yangu ningeuacha mkuki zamani, ningekuwa nimeshika jerikeni nikimtukana tewa. Sikumwambia, lakini naye hakuhitaji kuambiwa.

"Unanifanya pumzi yako ya akiba," akasema. "Mimi si pumzi. Mimi ni mtu, na leo nimekubeba umelegea mwili mzima. Sitaki kukubeba tena."

Ilinipanda hasira kwanza, nikamwona ana maringo. Tuliporudi barabarani hasira ikashuka, ikabaki aibu, na aibu ile nilipanda nayo pikipiki, nikashuka nayo Malindi.

Nyumbani nilisema yote. Nilitazamia mke wangu atanirarua, na labda ningependelea hivyo. Alilia kwanza, kisha akajifuta na ncha ya leso, akauliza, "Na yeye yu hali gani?" Sikujua. Tulikuwa njia nzima pamoja na sikumwuliza. Akaingia jikoni, akapika wali na mchuzi, akanipa bakuli lenye kifuniko nimpelekee. Nilimkuta ameketi nje ya chumba chake, pua imevimba. Akapokea bakuli kwa mikono miwili, akaniambia nimfikishie shemeji shukrani.

Miezi ikapita. Sikuzamia. Mke wangu hakunikataza, wala hakuwa na haja. Sikuwa na mtu wa juu, na safari hii sikumtafuta. Tewa tulimla wa kununua, na kila nilipomla nilimwona ameuawa na mtu mwingine. Mwenzangu tulionana, tukasalimiana, akawa anapita kibandani kunywa kahawa. Habari ya bahari hatukuigusa. Mimi ni mtu wa maneno mengi, na hilo lilinitesa kuliko kuikosa bahari yenyewe.

Halafu Jumamosi moja, maji mafu, akaja asubuhi na mkuki mpya aliochongewa na fundi wa vyuma, mapezi ya mpira amevaa shingoni. Hakuketi.

"Nataka kuzamia," akasema. "Wewe utakaa juu?"

Nilifunga kibanda mbele ya mteja.

Tukaenda mwamba wa karibu, wa upande wa Mambrui, Sabaki ukiwa umetulia. Sikuchukua mkuki, sikuwa nao. Nilishika jerikeni nikalala kifudifudi juu ya maji, naye akavuta pumzi zake, akapinduka, akashuka. Nikaanza sura ya kwanza kwa mwendo wa ustadhi, jinsi nilivyoisoma tangu utoto. Nilimwona akipungua. Lile jitu lenye mabega likawa dogo, likawa kitu cha kujaa kiganjani, likalala mchangani mbele ya tundu. Na sura ikanipotea. Nilirudi mwanzo wake, ikanipotea tena. Nilikuwa nimekaa juu ya binamu yangu miaka mingi nikisoma bila kukosea herufi, lakini binamu yangu sikuwahi kumwona amelegea, na mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuwa aliyelegea. Sasa nilijua jinsi hewa inavyomwisha mtu akiwa ametulia kabisa, na kwamba ukiwa huku juu huoni dalili. Nilishika jerikeni mpaka vidole vikaniuma. Kama ningeweza kupiga kelele ndani ya mrija ningepiga.

Tewa akatoka. Nilimwona wazi, mkubwa, anajivuta kwa udaku wake mpaka mbele ya uso wa mwenzangu. Mkono wake ukauvuta mpira. Alikuwa karibu kiasi ambacho hata mteja wangu wa friji asingemkosa. Kisha akageuza shingo akanitazama.

Nami sikufanya lolote. Nilielea tu, nikimtazama.

Akaulegeza mpira polepole, akasukuma mchanga kwa pezi, akapanda. Tewa akabaki mlangoni akimsindikiza kwa macho. Nilimwona akikua, akikua, mpaka akatokeza kando yangu na kupuliza maji ya mrija, akashika jerikeni upande wa pili, akahema.

Nilikuwa nimejaa furaha ya kumwona, na ulimi wangu, kama kawaida yake, ukatoa kitu kingine. "Mbona umemwacha? Alikuwa mbele ya uso wako!"

Akahema mpaka akatosheka. Kisha akainua miwani yake, akanitazama.

"Nimekuona wangoja," akasema.